Muhula Tuliohamia Linux

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ndugu wazazi, walimu wenzangu: mmeniomba nieleze ilikuwaje Sekondari ya Ilindi ikaacha mfumo wa kompyuta unaotumiwa na kila ofisi mjini, ikachukua ule uitwao Linux. Ningeweza kuhutubia, na wanaonifahamu wanajua hatari yake. Nimeona heri niwasomee shajara yangu ya muhula ule, pamoja na kurasa zinazonisuta. Sikurekebisha neno.

Jumatatu, 5 Julai 1999

Muhula umefunguliwa na ratiba ya masomo haipo. Virusi vimeila. Ni mara ya tatu mwaka huu, na kila mara vimekuja ndani ya flopi za shule jirani, zikiletwa kwa heshima zote katika bahasha yenye muhuri. Bwana Maganga, mkuu wetu wa shule, alisimama nyuma yangu akitazama kioo cheusi cha kompyuta yetu pekee.

"Mwalimu Bujiku, imekufa tena?"

"Imezirai, Mkuu."

"Mwezi wa tano ilizirai. Safari hii tuandae msiba."

Kisha akanionyesha waraka kutoka juu: kabla Septemba haijaisha, shule ipunguze nafasi moja ya mtumishi asiye mwalimu. Akaniagiza, nikiwa makamu wake, niandike mapendekezo ya kupeleka kwenye Bodi.

Jumamosi, 10 Julai

Nilikwenda Shinyanga mjini, dukani kwa Mzee Kanji, anayeuza vitenge, betri na majembe. Mwanawe Sanket, niliyemfundisha Historia kidato cha pili, amerudi kutoka masomoni na sasa anatengeneza kompyuta katika chumba cha nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nina mgonjwa."

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa sidii moja iliyoandikwa kwa kalamu. "Hii ni Linux. Ni mfumo mwingine kabisa wa kuendeshea kompyuta. Virusi vya hizo flopi haviwezi kuishi humu."

"Bei yake?"

"Haina bei. Wameitengeneza watu wa nchi nyingi, kila mmoja akaleta kipande chake. Ukitaka unachukua, ukiweza unaongeza."

"Basi hiyo ni elika," nilisema, nikikusudia yale makundi yetu ya vijana wanaolimiana mashamba kwa zamu.

"Ndiyo, Mwalimu. Ila hawa wanalima bila kupikiwa ugali."

Mzee Kanji, aliyekuwa akipima kitenge, hakuinua macho. "Kitu cha bure, ndani ya duka langu. Mtoto huyu nimemsomesha kwa hasara."

Jumanne, 13 Julai

Sanket alifika kwa pikipiki, akiwa amefunika uso kwa kanga ya mama yake kujikinga na vumbi. Jenereta letu huwaka saa nane hadi saa kumi na moja, na kwa muda huo alifanikiwa kuuweka mfumo mpya. Mwisho akaniambia nichague neno la siri la kuingilia.

"Chagua neno ambalo hakuna mtu atakusikia ukilisema, hata usingizini."

Neno la namna hiyo ninalo moja tu duniani, nalo ni jina la mama mkwe wangu. Kwa mila yetu mkwe hamtaji mama wa mkewe kwa jina, hamtazami usoni, na wakikutana njiani hupisha pembeni. Nina miaka kumi na minane katika ndoa, na jina hilo halijapita kinywani mwangu. Nilisita kabla ya kuliandika. Kisha nikalipima jambo kama mwanahistoria: mila imekataza ulimi; kuhusu vidole viwili ninavyochapia imenyamaza. Nikalichapa nikiwa nimegeuza uso pembeni, kwa adabu.

"Na watumiaji wengine?" Sanket aliuliza. "Kila mmoja anafunguliwa jina lake na neno lake."

"Mtumiaji ni mimi."

Jumatano, 14 Julai

Nimelikosea neno la siri mara tisa. Mashine haikuambii umekosea wapi; inasema umekosea, basi. Nimewahi kuwa na mkaguzi wa namna hiyo.

Ijumaa, 16 Julai

Linux haipendi kukatiwa umeme bila kuagwa, na jenereta letu halina desturi ya kuaga. Likizimwa ghafla, kesho yake mashine huanza kwa kujikagua: inahesabu mali yake yote, faili baada ya faili, kama mfugaji aliyesikia fisi usiku. Leo imejihesabu kwa dakika ishirini na moja.

Jumatatu, 19 Julai

Malori ya pamba yamepita siku nzima. Vumbi. Imejihesabu.

Jumanne, 20 Julai

Imejihesabu.

Alhamisi, 22 Julai

Leo Mama Adam alisimama mlangoni mwa ofisi ya taaluma, akatazama, akaondoka. Huyu ni Bibi Melania, karani mchapaji wetu. Kwa miaka kumi na tisa ameketi chumba cha pili na taipureta yake, akikata stensili za mitihani ambazo baadaye hupitishwa kwenye mashine ya kudurufu. Ni mtu mkimya, na mlio wa taipureta yake husikika hadi maabara. Nilimwona leo kama mtu aliyesimama kando ya reli akitazama treni ikienda.

Alipoondoka, nilianza kuandika mapendekezo yangu. Kwa kuwa shule sasa ina kompyuta isiyougua, na kwa kuwa makamu mkuu anaimudu, nafasi ya karani mchapaji yaweza kuondolewa bila madhara. Aya tatu zimenichukua saa mbili. Nimeihifadhi barua hiyo humo humo ndani ya Linux.

(Wazazi wangu, nimewaahidi kwamba sikurekebisha neno. Naendelea.)

Jumatatu, 2 Agosti

Siku ya aibu. Mwezi huu ni zamu ya Ilindi kuandaa mtihani wa majaribio wa kidato cha nne kwa shule kumi. Nilimwita Bwana Maganga aone karatasi ya kwanza ikitoka. Ule uso wa Linux wenye picha na rangi, aliotuachia Sanket, ulifikiri kwa dakika tisa, kisha printa yetu ya sindano ikatoa ukurasa wenye alama mfano wa nyayo za kuku.

"Hii ni Hisabati?" Mkuu aliuliza.

Mama Adam alikuwa amekuja kuchukua karatasi. Aliitazama printa, si kioo. "Mwalimu, hizo sindano zinapiga utepe wa wino, utepe unapiga karatasi?"

"Ndivyo."

"Ukiutoa utepe, ukaweka stensili, si zitaikata?"

Tulijaribu. Zikaikata, safi kuliko taipureta. Ikabaki kupeleka maandishi matupu bila picha wala rangi, kazi ambayo Linux inaifanya kwa amri ya mstari mmoja. Katika kikao cha walimu nilieleza uvumbuzi huo kwa kirefu. Nilitumia neno "tumegundua".

Ijumaa, 6 Agosti

Nimemruhusu Mama Adam achape mtihani wa Uraia, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake. Nilimfungulia kwa neno langu, nikikinga kibodi kwa bega.

Lazima niandike nilichokiona. Stensili ikikosewa imetoboka moja kwa moja. Dawa ya kufutia ni chupa moja kwa muhula. Kwa hiyo mtu huyu, kwa miaka kumi na tisa, amejizoeza kuusoma mstari mzima kwanza, kuuweka kichwani, ndipo anashusha vidole. Linux nayo haipokei takribani. Mimi huandika amri kama ninavyozungumza, nikitumaini kwamba msikilizaji atanielewa. Mama Adam anaandika kama mtu anayejua kwamba hakuna wa kumwelewa. Hakukosea hata mara moja.

"Na hivyo vipicha ni vya nini?" aliniuliza.

"Vya kurahisisha."

"Viondoe, vinanichelewesha."

Jumapili, 8 Agosti

Nane Nane. Mapumziko. Jogoo wa jirani amelala juu ya tandiko la baiskeli yangu.

Jumatatu, 16 Agosti

Shemeji yangu, mdogo wa Limi mke wangu, anaolewa huko Buseresere, nami nimeombwa kuwa msemaji wa familia. Nitaondoka keshokutwa na kurudi Ijumaa. Maswali ya shule zote yamo ndani ya mashine isipokuwa Jiografia, ambayo yataletwa Alhamisi. Nimemwonyesha Mama Adam jinsi ya kuyaongeza akiwa nami Jumamosi. Shule tisa zitakuja kuchukua bahasha zao Jumapili baada ya misa. Mtihani ni Jumatatu. Bwana Maganga alishauri nimfungulie Mama Adam jina lake kabla sijaondoka. Nikamwambia usalama wa mtihani haugawanywi.

Jumamosi, 21 Agosti. Buseresere

Naandika haya nyuma ya nyumba ya wakwe, juu ya gunia la mihogo mikavu, kwa sababu mbele nimeona haya kupita.

Mashauri ya ng'ombe wa mahari yalipaswa kwisha Alhamisi. Yakakwama kwa mtamba mmoja mwenye pembe iliyovunjika. Upande wa bwana harusi wakasema pembe haikamuliwi, upande wetu wakasema wala haioti tena. Hotuba yangu kuhusu pembe ilisifiwa sana, na wakati ikisifiwa gari la Ijumaa likaondoka. Lingine ni Jumatatu.

Leo saa nne asubuhi aliletwa mtu kutoka zahanati ya misheni: naitwa kwenye redio ya upepo. Nilikuta benchi limejaa akina mama wakisubiri kupima watoto, na nusu yao ni ukoo wa mke wangu. Redio ile, kama ijulikanavyo, ukizungumza unasikika vituo vyote vya misheni, kutoka Geita hadi Kishapu.

"Mwalimu, ni Mama Adam. Stensili tupu ziko tayari, jenereta limewashwa mapema, na Sanket yuko Mwanza hapatikani. Tunaomba neno la kuingilia. Ova."

"Mama Adam, neno hilo haliwezi kusemwa. Ova."

"Ni refu? Ova."

"Si refu. Ova."

"Ni tusi? Ova."

"Ni kinyume chake kabisa. Ova."

Bwana Maganga akachukua kipaza sauti. "Mwalimu Bujiku, watahiniwa mia sita. Shule kumi. Liseme. Ova."

Nilitazama benchi. Benchi lilinitazama. "Mkuu, ni jina la mtu. Ni jina la mama aliyemzaa mke wangu. Ova."

Kisha sauti nisiyoifahamu, ya mzee, ikaingia kutoka kituo cha mbali: "Mwalimu, usiliseme. Ova."

"Nani huyo?" Bwana Maganga alifoka. "Mwalimu, hapa kwetu sote tunamwita Mama Limi. Jina lake hatulijui. Tafuta mtu wa kulisema. Ova."

Akaitwa Limi. Alifika na unga mikononi, akasikiliza, akanitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiezekwa vibaya.

"Umemfunga mama yangu mlangoni kama kitasa?"

"Nilimfunga kwa heshima."

"Na mimi nimtaje mzazi wangu mbele ya nchi nzima? Tangu lini?"

Akaondoka. Nilidhani amekasirika. Baada ya robo saa benchi zima likasimama, nami nikaelewa ni nani anayeingia. Niligeukia ukuta, palipobandikwa picha ya matone ya polio, nikaitazama picha hiyo kwa bidii. Sikumwona mkwe wangu. Nilisikia tu ndala zake, na sauti.

"Naongelea hapa? Haya. Mimi ndiye neno la siri."

Akataja jina lake, polepole, kisha la baba yake, kisha la ukoo.

"La kwanza linatosha, mama," mwendesha redio alisema. "Sasa useme ova."

"Jina nimeshatoa. Mnataka na lingine?"

Vituo vitatu vilimwamkia kwa pamoja. "Marahaba," alijibu, "marahaba nyote." Sote tukangoja mtu akimbie kutoka redioni hadi kwenye mashine na kurudi. Kisha sauti ya Mama Adam ikarudi: "Limekubali, mama. Asante sana. Ova."

Mkwe wangu aliweka kipaza sauti chini na kuzungumza na hewa, kama ipasavyo. "Limi, mwambie huyo anayetazama ukuta aende akale. Tangu jana hajagusa kitu."

Alasiri wazee waliliketia shauri langu. Walikubali kwamba ulimi haukuvunja mila. Vidole viwili vilivyochapa wamevitoza jogoo mmoja kila kimoja.

Jumanne, 24 Agosti

Nimerejea Ilindi. Mtihani ulianza jana saa mbili kamili katika shule zote kumi. Karatasi elfu tano na mia nne, na hakuna hata moja iliyorudishwa.

Niliketi kwenye mashine, nikachapa neno langu. Ikanikataa. Nikachapa tena.

"Mama Adam, mashine hainitambui."

"Nimebadilisha neno, Mwalimu. Lile limesikika hadi Kishapu."

"Umefanya vyema. Jipya ni lipi?"

"Kitabu kinasema mtu asimwambie mtu."

"Kitabu gani?"

"Alichoacha Sanket. Wewe ulikiweka chini ya kioo ili kiinuke."

Amenifungulia jina langu mwenyewe la kuingilia, kama mtumiaji wa kawaida. Alinihakikishia kwamba kwa jina hilo siwezi kuharibu kitu.

Jumatano, 25 Agosti

Asubuhi alikuja na karatasi moja, akaiweka mbele yangu. Ilikuwa barua yangu ya tarehe 22 Julai.

"Jumamosi nilipokuwa natafuta mahali pa kuweka Jiografia niliikuta hii. Ina makosa manne ya uchapaji. Nimeyasahihisha, maneno sikuyagusa."

Mimi niliyehutubia juu ya pembe kwa dakika hamsini, nikaanza kupanga upya kalamu mezani.

"Kama ni ya kwenda kwenye Bodi," alisema, "isiende na makosa. Barua za shule hii nimezichapa miaka kumi na tisa."

Akarudi kazini. Nimehesabu saa. Aliisoma barua hiyo Jumamosi asubuhi, kabla hajakata stensili ya kwanza. Baada ya kuisoma, alikata stensili zote sitini na tatu.

Alhamisi, 26 Agosti

Nimeikunja barua yangu, nimeiweka ndani ya shajara hii.

Jumatatu, 6 Septemba

Ratiba, barua za wazazi, orodha ya mabweni, matangazo ya parokia: vyote sasa vinatoka Linux, na vyote vinatoka kwa Mama Adam. Walimu wanapanga foleni dirishani. Bwana Maganga ameuliza mapendekezo yangu yako wapi. Nimesema bado nayatafakari, na kwa mara ya kwanza ni kweli.

Ijumaa, 17 Septemba

Mama Adam amemwagiza mwangalizi wa jenereta apige debe mara tatu dakika tano kabla ya kuzima. Debe likilia, anaiaga mashine kwa amri yake. Juma zima haijajihesabu. Mimi nilikuwa nimeandaa barua ya kurasa mbili kuhusu tatizo hilo.

Alhamisi, 30 Septemba

Bodi imeketi. Mama Adam alikuwa pembeni akiandika kumbukumbu za kikao. Ilipofika ajenda ya kupunguza nafasi, nilisimama, nikaisoma barua yangu yote. Mkono wake haukusita, alikuwa akiiandika. Kisha nikasimulia yaliyotokea Agosti, pamoja na redio, pamoja na jogoo wawili.

Wajumbe walipomaliza kufuta machozi ya kicheko, Mwenyekiti aliuliza: "Kwa hiyo, Mwalimu, unapendekeza nini?"

"Napendekeza mwandishi wa barua hii asisikilizwe."

"Hilo tumelielewa. Lakini waraka unataka nafasi moja, na leo ndiyo siku ya mwisho. Nikate ipi? Mpishi? Mlinzi?"

Nilikuwa nimetayarisha utetezi, sikuwa nimetayarisha jibu. Ndipo mwandishi wa kumbukumbu akaweka kalamu chini na kunyoosha mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kusema kama mtu anayechapa ikama, orodha ya nafasi zote za watumishi. Tuna nafasi ya mpiga kengele. Iko wazi tangu mwaka tisini na moja. Kengele wanapiga viranja. Kila Januari naichapa, na mbele yake, panapotakiwa jina, naweka nukta ishirini."

Mwenyekiti aliuchukua waraka, akausoma upya akiufuatisha kwa kidole. "Waraka unasema nafasi," alisema taratibu. "Hausemi mtu." Akatazama huku na huku. "Mpiga kengele apunguzwe. Kuna anayepinga? Familia yake ipo?"

Haikuwapo.

"Na wewe, mama," aliendelea, "kwa kazi hii ya mashine, unahitaji nini?"

Wote tulidhani atataja mshahara. Alifikiri, kama mtu anayesoma mstari mzima kabla ya kushusha vidole.

"Kiti chenye mgongo," alisema. "Ninachokalia ni stuli ya maabara."

Ijumaa, 1 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha saa saba, kidogo, ya kulaza vumbi. Bohari halina kiti chenye mgongo, na agizo la Bodi halisubiri fundi. Nimempa changu. Stuli yake imerudishwa maabara, kwa wenyewe. Naandika haya nimesimama, na mara mbili sasa Mama Adam ameniomba nisogee kidogo, namzibia mwanga.